Maji ya Kijani Bwawani: Chanzo cha Mwani na Tiba Yake

Utangulizi

Achukuliwe mfugaji wa Mkonze, kata mojawapo ya Jiji la Dodoma, aliyechimba bwawa dogo nyuma ya nyumba yake, akalitandika karatasi nzito ya nailoni, akalijaza maji ya kisima na kutia humo vifaranga 200 vya perege. Mwezi wa kwanza maji yalikuwa maangavu hata aliweza kuwaona samaki wake wakiogelea chini. Mwezi wa nne maji yaligeuka kijani kibichi, na kandokando yake palitanda utando wa nyuzi zenye kuteleza. Jirani akamshauri atie mrututu. Mfugaji akatia, na baada ya siku mbili rangi ya kijani ikaanza kufifia, akafurahi. Alfajiri ya siku ya tatu perege wake walikuwa wakielea matumbo juu, na jasho la miezi minne likawa limepotea. Mfugaji akasema kwamba mwani ndio uliomwulia samaki.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini kila hatua yake hutokea kwa kanuni za kemia na biolojia zinazofundishwa katika shule za sekondari. Kanuni hizo hizo hulitawala bwawa la perege, tangi la kioo la samaki wa mapambo, lambo la kunyweshea ng'ombe na hata mwamba wa matumbawe baharini. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mwani mwingi ni dalili ya ugonjwa wa maji na wala si ugonjwa wenyewe. Na kwamba mwenye kuiua dalili bila kukiondoa chanzo huweza kumwua na mgonjwa.

Mwani ni nini?

Mkazi wa pwani asikiapo neno mwani hukumbuka majani ya baharini ambayo kina mama wa Paje na Jambiani, kisiwani Unguja, huyalima kwa kamba na vigingi na kuyauza nchi za nje. Huo ni mwani mkubwa. Katika sayansi neno hilo lina maana pana zaidi. Linajumuisha viumbe wengi wa majini wajitengenezeao chakula kwa mwanga wa jua, ambao hawana mizizi, mashina wala majani ya kweli. Wapo wenye urefu wa mita kadhaa, na wapo wa seli moja wasioonekana ila kwa hadubini. Wanapokuwa wengi katika tone la maji, hao wadogo ndio huyatia maji rangi.

Mwenye bwawa au tangi hukutana hasa na aina nne. Ya kwanza ni mwani wa kijani unaoelea, ambao huyafanya maji yote yawe kijani. Ya pili ni mwani wa nyuzi, unaoshika mawe na kingo na kufanana na pamba iliyolowa. Ya tatu ni mwani wa kahawia wenye maganda ya silika. Huu hutanda kwenye kioo cha tangi jipya, na aghalabu hupungua wenyewe tangi likishakomaa. Ya nne ni ile iitwayo kwa mazoea mwani wa buluu-kijani. Hawa kwa hakika ni bakteria wenye klorofili, na baadhi yao hutengeneza sumu. Habari zao zitaelezwa mbele.

Ni kosa kumhesabu mwani kuwa adui. Mwani ndio msingi wa chakula cha viumbe wengi wa majini. Vifaranga vya perege huula. Heroe wadogo wa Ziwa Natron huchuja majini viumbe wa buluu-kijani na kuishi kwa hao. Tena sehemu kubwa ya oksijeni iliyomo katika bwawa mchana imetengenezwa na mwani. Kinachodhuru ni wingi wake kupita kiasi.

Mambo matatu yanayoukuza mwani

Mwani huhitaji mwanga, joto na virutubisho. Katika uwanda wa kati wa Tanzania, jua na joto havikosekani karibu mwaka mzima. Kwa hiyo jambo linaloamua kama maji yatakuwa maangavu au ya kijani ni virutubisho, na hasa naitrojeni na fosforasi.

Mtaalamu wa Marekani Alfred Redfield alionyesha, katika karne ya ishirini, kwamba viumbe wadogo waeleao baharini wamejengwa kwa uwiano unaokaribia atomu 106 za kaboni kwa atomu 16 za naitrojeni kwa atomu 1 ya fosforasi. Maana yake ni kwamba fosforasi kidogo sana hutosha kujenga mwani mwingi. Gramu moja tu ya fosforasi, ikiwa mahitaji mengine yote yapo, yaweza kujenga takribani gramu 100 za mwani mkavu. Mwani mbichi, kwa kuwa umejaa maji, utakuwa mzito mara kadhaa zaidi ya hapo.

Nguvu ya kirutubisho hicho ilidhihirishwa mwaka 1973 katika jimbo la Ontario, nchini Kanada. Mwanasayansi David Schindler na wenzake walilichukua ziwa dogo, lililopewa namba 226, wakaligawa sehemu mbili kwa pazia la plastiki. Upande mmoja walitia kaboni na naitrojeni. Upande wa pili walitia kaboni, naitrojeni na fosforasi. Upande wa kwanza ulibaki katika hali yake, na upande wa pili ukageuka kijani. Picha ya ziwa hilo iliyopigwa kutoka angani imewafundisha watu wengi kuliko vitabu vingi. Hata hivyo haifai kudhani kwamba fosforasi ndiyo yenye kuamua kila mahali. Katika maji mengi ya bahari, naitrojeni ndiyo hupungukiwa kwanza.

Hesabu ya mkono unaolisha

Virutubisho hivyo hutoka wapi katika bwawa la Mkonze? Jibu hupatikana kwa hesabu ambayo mwanafunzi aweza kuifanya.

Bwawa lenye eneo la mita za mraba 20 na kina cha mita 1 lina lita 20,000 za maji. Tuseme perege wake 200 wamefikia gramu 100 kila mmoja. Uzito wao wote ni kilo 20. Wakilishwa kila siku chakula cha asilimia 3 ya uzito wao, watapewa gramu 600. Ikiwa chakula hicho kina protini asilimia 30, mna gramu 180 za protini. Na kwa kuwa naitrojeni ni takribani asilimia 16 ya protini, mna gramu 28.8 za naitrojeni.

Samaki hawabaki na yote. Ikikadiriwa kwamba theluthi moja ndiyo inayogeuka kuwa nyama, gramu 19 hivi huingia majini kila siku, nyingi kwa njia ya amonia itokayo katika mashavu ya samaki, na nyingine kwa kinyesi na mabaki ya chakula. Kwa siku 30 hizo ni gramu 570 na zaidi. Fosforasi nayo, ikiwa ni asilimia 1 ya chakula, ni gramu 6 kwa siku. Na kwa kadirio lile lile gramu 4 hubaki majini na katika tope la chini. Kama gramu hizo 4 zote zingetumika, zingetosha kujenga gramu 400 za mwani mkavu kila siku.

Kwa hiyo mkono unaolisha samaki ndio huo huo unaoulisha mwani. Mfugaji anayeongeza kiganja kimoja cha pumba kwa kuwahurumia samaki wake hajui kwamba amelitia bwawa mbolea.

Maji yanayopungua na maji yanayoongezwa

Chanzo cha pili huhusu hali ya nchi yenyewe. Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, nayo hunyesha katika msimu mmoja, takribani kuanzia Desemba hadi Aprili. Maji yawezayo kugeuka mvuke kutoka katika eneo lililo wazi kwa jua na upepo ni zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ikichukuliwa milimita 6 kwa siku, bwawa la mita za mraba 20 hupoteza lita 120 kila siku, yaani lita 3,600 kwa mwezi.

Yanayoondoka ni maji matupu. Chumvichumvi zote hubaki. Mfugaji akijaza upungufu huo kwa maji ya kisima, huongeza chumvichumvi mpya juu ya zile za zamani. Tafiti za maji ya ardhini ya eneo la Dodoma zilizochapishwa mwaka 1996 zilieleza kuwapo kwa naitreti nyingi katika baadhi ya maji hayo. Vyoo vya shimo na mazizi yaliyo karibu na kisima huweza kuongeza naitreti, kwa sababu bakteria wa udongoni huigeuza amonia ya kinyesi na mkojo kuwa naitreti, nayo huteremka kwa urahisi pamoja na maji.

Kisima chenye miligramu 50 za naitreti kwa lita, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa, kitaliongezea bwawa hilo gramu 6 za naitreti kila siku, au gramu 180 kwa mwezi. Katika hizo, naitrojeni ni gramu 41 hivi. Zikilinganishwa na zile gramu 570 za chakula, hizo ni chache. Hivyo hesabu inafundisha utaratibu wa kutafuta chanzo: kwanza chakula, kisha maji. Lakini katika tangi dogo la kioo lenye samaki wachache wanaolishwa kidogo, mizani yaweza kugeuka, na maji ya kujazia yakawa ndiyo chanzo kikubwa. Ndiyo sababu haifai kukisia. Yapasa kupiga hesabu.

Kinachotokea usiku

Mchana mwani hufanya usanidinuru: huchukua kaboni dioksaidi na kutoa oksijeni. Usiku usanidinuru husimama, lakini upumuaji hauishi. Mwani, samaki, bakteria na wadudu wa topeni wote huvuta oksijeni ile ile iliyo majini.

Akiba hiyo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Usawa wa bahari, maji baridi yasiyo na chumvi yenye nyuzi 25 za Selsiasi hushika takribani miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita. Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni ndogo zaidi. Maji yenye joto hilo hilo hushika kama miligramu 7.2 tu. Bwawa zima la lita 20,000 lina basi gramu 144 za oksijeni. Ikiwa viumbe wote waliomo hutumia nusu miligramu kwa lita kila saa, na hewa isiongeze kitu, katika saa 12 za usiku zitatumika miligramu 6, na alfajiri itabaki miligramu 1.2 kwa kila lita. Perege walio katika hali hiyo huonekana wakipandisha midomo juu ya maji na kuhema. Kambale, ambaye ana kiungo cha pekee cha kuvutia hewa, hustahimili. Perege aliye naye katika bwawa moja huweza kufa.

Mchana nao una hatari yake. Mwani ukichukua kaboni dioksaidi nyingi, kipimo cha pH hupanda. Kwa nyuzi 25, maji ya pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia yake katika umbo lenye sumu kali. Yakifika pH 9, umbo hilo huzidi theluthi moja. Amonia ile ile isiyodhuru asubuhi yaweza kudhuru alasiri.

Kwa nini dawa ya kuua haitibu

Sasa yawezekana kueleza msiba wa yule mfugaji. Mrututu, yaani salfeti ya shaba, huua mwani kweli; tena huweza kuwadhuru samaki moja kwa moja, hasa katika maji yenye chokaa kidogo. Lakini tuseme kipimo chake hakikuwagusa samaki. Mwani uliokufa ulibaki bwawani, bakteria wakaanza kuuozesha. Kila gramu moja ya mwani mkavu ikioza kabisa hutumia oksijeni gramu 1.2 hivi. Bwawa lote lilikuwa na gramu 144. Kwa hiyo kuoza kwa gramu 120 tu za mwani mkavu kwatosha kuimaliza akiba yote, ikiwa hewa haikuijaza upesi.

Zaidi ya hayo, mwani uliooza haukuondoka na virutubisho vyake. Naitrojeni na fosforasi zilirudi majini, tayari kulisha kizazi kipya cha mwani. Shaba nayo haiozi. Hubaki katika tope. Dawa ya klorini ya kufulia ina kasoro kama hizo, nayo huwaua pia bakteria wema waigeuzao amonia kuwa naitriti na kisha naitreti. Katika tangi jipya bakteria hao huhitaji takribani majuma manne hadi sita kujijenga. Huweza kuangamizwa kwa saa moja.

Funzo la miamba ya matumbawe

Kanuni hii yaonekana waziwazi baharini, ambako mfugaji hana mkono. Maji yanayozunguka matumbawe ya Unguja, Pemba na Mafia kwa kawaida ni maangavu na yana virutubisho vichache. Ndani ya mwili wa tumbawe lenyewe huishi mwani wa seli moja unaolipatia chakula. Mwani huo ni rafiki. Mwani wa nje, unaoweza kulifunika tumbawe na kulinyima mwanga, huzuiwa na mambo mawili: uhaba wa virutubisho, na samaki walao majani kama tasi na pono.

Maji machafu ya mji yakimwagwa baharini, zuio la kwanza hupungua. Tasi na pono wakivuliwa kupita kiasi, zuio la pili huondoka. Mwaka 1998 joto la Bahari ya Hindi lilipopanda, matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yaliupoteza mwani rafiki, yakapauka na kufa. Na mahali pengi mwani wa nje ulitanda juu ya mifupa yake. Watu wa nchi mbalimbali wanaofuga matumbawe katika matangi ya kioo majumbani hukutana na jambo lile lile kwa udogo: wakilisha kupita kiasi, au wakijaza tangi kwa maji ya bomba yenye naitreti na fosfeti, mwani wa nyuzi hulishinda tumbawe. Nao hawawezi kutumia mrututu, kwa sababu shaba humwua tumbawe na konokono kabla ya kuumaliza mwani. Wamelazimika kujifunza subira, na mfugaji wa perege aweza kujifunza kwao.

Tiba kwa utaratibu

1. *Kupima.* Mwaka 1865 padri na mwanafalaki Mwitalia Angelo Secchi alipima uangavu wa bahari kwa sahani nyeupe iliyoteremshwa kwa kamba. Mfugaji aweza kufanya hivyo kwa kifuniko cha ndoo kilichopakwa rangi nyeupe. Kifuniko kikipotea machoni katika kina cha sentimita 30 hadi 40, mwani ni wa kiasi chema kwa perege. Kikipotea kabla ya sentimita 20, hatari imekaribia. Itazamwe pia rangi: maji ya rangi ya chai ya maziwa yamechafuliwa na udongo, wala si mwani.

2. *Kupunguza chakula.* Samaki wapewe kile wanachokimaliza kwa dakika kumi hadi kumi na tano. Maji yakizidi ukijani, kulisha kusimamishwe kwa siku mbili au tatu. Perege hawatakufa kwa njaa, watakula mwani. Mbolea ya samadi isitiwe kabisa.

3. *Kuutoa mwani nje.* Mwani wa nyuzi uvutwe kwa reki au kwa mikono, uwekwe katika shimo la mboji mbali na bwawa. Kila ndoo inayotolewa ni naitrojeni na fosforasi iliyoondoka isirudi. Mwenye kuchota kwa wavu asitumie chandarua chenye dawa ya mbu, kwa kuwa dawa za namna hiyo ni sumu kali kwa samaki.

4. *Kubadili maji.* Sehemu moja ya tano ya maji itolewe kutoka chini, penye tope, na imwagiliwe mchicha, matembele au mizabibu; kilicho sumu bwawani ni mbolea shambani. Upungufu ujazwe, iwezekanapo, kwa maji ya mvua yaliyokingwa baada ya manyunyu ya kwanza kuliosha paa. Maji ya bati jipya yasitumiwe katika tangi la konokono au matumbawe, kwa sababu ya zinki.

5. *Kupunguza mwanga.* Chanja ya mabua au majamvi yaliyokwisha kutumika ifunike hadi nusu ya bwawa. Kivuli hupunguza pia upotevu wa maji. Gugu maji lisipandwe hata kama huvuta virutubisho. Ziwa Viktoria limeonyesha gharama yake.

6. *Kuongeza hewa.* Mpaka hali itulie, maji yarushwe juu kwa pampu au yamiminwe kwa ndoo kutoka juu, hasa kati ya saa tisa za usiku na kucha.

Hatua hizi huchukua majuma kadhaa. Mwani ulioota kwa miezi minne hauna budi kupungua polepole, na upolepole huo ndio usalama wa samaki.

Tahadhari ya afya

Utando mzito unaofanana na rangi ya mafuta iliyomwagwa, wenye rangi ya buluu-kijani na harufu mbaya, huashiria bakteria wa buluu-kijani. Mmoja wao, Microcystis, huonekana kwa wingi katika sehemu za Ziwa Viktoria, na huweza kutoa sumu inayoshambulia ini. Maji ya lambo au bwawa yenye utando huo wasinywe watu, wala ng'ombe, wala mbwa. Kuyachemsha hakuondoi sumu hiyo. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha maikrogramu 1 tu kwa lita katika maji ya kunywa. Palipo na shaka, ofisa afya wa kata au wataalamu wa maji waarifiwe.

Jaribio la darasani

Zichukuliwe chupa sita za plastiki angavu za lita moja u nusu. Chupa ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne na ya tano zitiwe maji ya mvua. Ya sita itiwe maji ya kisima. Ya kwanza isiongezwe kitu. Ya pili itiwe punje mbili za mbolea ya DAP, yenye naitrojeni na fosforasi. Ya tatu itiwe punje mbili za urea, yenye naitrojeni bila fosforasi. Ya nne itiwe gramu moja ya chakula cha samaki. Ya tano iwe kama ya pili, ila ifungwe kwa karatasi nyeusi. Kila chupa iongezwe kijiko kimoja cha maji ya kijani ya bwawa, kisha zote ziwekwe dirishani penye mwanga bila kuzibwa sana.

Kwa siku 14 wanafunzi waweke ukurasa wa gazeti nyuma ya kila chupa na kuandika kama herufi zasomeka vizuri, kwa shida, au hazisomeki. Matokeo yachorwe katika grafu. Wanafunzi wanawe mikono kila mara, na maji hayo yasionjwe.

Hitimisho

Mfugaji wa Mkonze alikuwa na haki ya kuhuzunika, lakini alimshtaki asiyehusika. Mwani ulikuwa shahidi. Ulikuwa ukimweleza kwa rangi kwamba chakula kimezidi, kwamba maji yanapungua huku chumvichumvi zikibaki, na kwamba usiku samaki wanakosa pumzi. Naitrojeni na fosforasi haziangamii kwa kuuawa kiumbe kilichozibeba. Hubadili mahali tu. Mwenye kutaka maji maangavu hana budi kuamua mahali pake ziwe wapi: katika nyama ya samaki na katika bustani, au katika utando wa kijani.

Maswali

1. Bwawa lina lita 12,000 na joto la nyuzi 25, nalo liko Dodoma. Kokotoa oksijeni yote iliyoyeyuka, kisha kiasi cha mwani mkavu ambacho kuoza kwake kungeimaliza.
2. Mfugaji ana perege wenye uzito wa kilo 12, anawalisha asilimia 4 kwa siku kwa chakula chenye protini asilimia 25. Ni naitrojeni kiasi gani huingia majini kwa mwezi, ikiwa theluthi moja hubaki katika samaki?
3. Eleza kwa nini samaki huhema juu ya maji alfajiri na si alasiri, ingawa alasiri maji yana joto zaidi.
4. Linganisha kazi ya tasi katika mwamba wa matumbawe na kazi ya reki katika bwawa. Ni ipi inayoondoa virutubisho majini, na ni ipi inayovizungusha tu? Toa sababu.
5. Chunguza umbali uliopo kati ya kisima cha shule au cha jirani na choo kilicho karibu. Jadili darasani maana yake kwa bwawa, na kwa maji ya mtoto mchanga.